Mtani Kashika Pasipoti, Mwenyekiti Kashika Tiketi

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kulitafuta, wameshalifungia maandazi. Nitamwambia kwa kifupi, halafu tuendelee na aibu yangu.

Mimi ni Twalibu, fundi wa majiko ya mkaa, Gongoni, Tabora. Mke wangu Amne nimemzika. Binti yetu wa pekee, Tunu, anaoka mikate kwenye meli ya watalii, na siku mama yake anaingia kaburini yeye alikuwa katikati ya maji, hana pa kushukia. Tangu hapo hatujaonana. Sasa kampuni ya meli imempa nafasi ya kumleta mzazi wake mmoja, akae naye melini safari nzima, bure. Meli inaanzia Durban. Kilichobaki ni ndege tu, inifikishe huko kabla meli haijang'oa nanga.

Na hapo ndipo shemeji yangu Adinani, kaka yake marehemu, alipounda kamati.

Nimeona kamati ya harusi. Nimeona kamati ya msiba. Nimeona hata kamati ya choo cha msikiti. Kamati ya mtu mmoja kupanda ndege, hiyo nimeiona kwangu.

Mwenyekiti, Adinani. Nani mwingine? Huyu bwana kazaliwa mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima kule Bukene, chama kikafa. Akawa mwenyekiti wa kisima cha mtaa, kisima kikakauka. Akienda kumjulia hali mgonjwa, mgonjwa anaita watoto agawe mali.

Tunu alimtumia yeye pesa ya tiketi, siyo mimi. Mjomba kasoma, anavaa tai. Baba anasoma gazeti kwa kidole. Simlaumu mtoto. Nawalaumu waliomfundisha kwamba akili inafungwa shingoni.

Basi siku ya kuondoka ikafika. Chakula mchana, kisha dua, treni ya kutoka Kigoma alasiri, inipeleke Dar nikapande hiyo ndege. Nikiwa navaa kanzu, simu ikalia. Tunu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Nakuja huko. Tayarisha mikate."

"Baba, mjomba amekata ile tiketi ya kampuni?"

"Amesema amekata tiketi."

"Sijauliza tiketi. Nimeuliza ya kampuni."

Nikatoka nje na simu mkononi. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini ya turubai, kwenye kiti pekee chenye mto, anaelekeza watu wapange viti ambavyo walikuwa wameshavipanga.

"Shemeji, Tunu anakuuliza."

Akaipokea, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Mama, huko majini shikamoo hamtoi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Tiketi ya hiyo kampuni yako ni bei ya kuchinja watu. Kamati ikakaa, ikatafakari, ikaona tusikubali kunyonywa. Nimemtafutia baba yako njia yetu wenyewe. Dar mpaka Nairobi ndege moja. Nairobi mpaka Johannesburg ndege nyingine. Johannesburg mpaka Durban nyingine. Nafuu kabisa."

Kamati ikakaa. Mimi ndiye msafiri na sikuiona ikikaa. Nadhani ilikaa juu ya kile kiti chenye mto.

"Ni tiketi moja, mjomba, au ni tatu?"

"Tatu! Za makampuni tofauti, wasije wakatuzoea."

Kule upande wa pili nikasikia mtu anavuta kiti, anakaa.

"Mjomba," Tunu akasema taratibu, "hizo ni tiketi zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari na Baba, inaruka. Na meli nayo inaondoka. Ile ya kampuni, ndege ikichelewa, wao wenyewe wanajua mtu wao yuko njiani. Wanamtafutia pa kulala, wanampeleka akutane na meli bandari ya mbele. Ukijikatia mwenyewe, ukichelewa, msiba ni wako. Meli haina shangazi wa kukusubiri mlangoni."

"Hatachelewa."

"Nimewaona watu wazima, mjomba, wamekaa juu ya mabegi yao bandarini wanalia, na meli wanaiona kwa macho inaenda."

"Hao hawakuwa na kamati."

Akamkatia mtoto simu, akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji.

"Na pesa iliyobaki?" nikamuuliza.

"Imetumika kwa heshima yako."

Nikageuza shingo nikaiangalia heshima yangu. Turubai la kukodi. Viti vya kukodi. Spika mbili kubwa kuliko mlango wangu. Sufuria za pilau. Na fulana! Kamati nzima imevaa fulana nyeupe, kifuani zimeandikwa SAFARI NJEMA MZEE TWALIBU, na chini ya maandishi kuna picha.

Picha ya Adinani.

"Shemeji, mbona hii sura siyo yangu?"

"Yako haikutoka vizuri."

Ningekuwa kijana ningempiga. Nimekuwa mzee, nikala pilau.

Sheikh akaja, tukasoma dua. Pasipoti yangu ikawekwa juu ya mkeka, kando ya chetezo cha udi, ipate baraka. Watu wakaitikia amina. Ile amina ya mwisho haijatua, mkono mweusi mrefu ukapita katikati ya magoti ya watu, ukainyakua pasipoti kama mwewe anavyobeba kifaranga.

"Msafara umetekwa!"

Ni Shomari. Fundi cherehani, Mzaramo wa Kisarawe, kaoa hapa Tabora, na kwa hiyo ni mtani wangu. Akina mama wakapiga vigelegele. Walikuwa wanamsubiri.

Anayesoma akiwa mbali na kwetu aelewe kitu hapa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu misafara ya pembe za ndovu. Babu zetu walitoka hapa kwa miguu, mzigo kichwani, mpaka pwani, na njiani kila mwenye kijiji aliwatoza hongo ndipo wapite. Utani ukabaki. Mtani akikuteka, hukasiriki. Unamkomboa kwa alichotaja, mnacheka, yameisha. Na msafiri hajikomboi mwenyewe. Anayekomboa ni mkubwa wa msafara.

Shomari akapanda juu ya kiti, pasipoti kaibana chini ya kofia.

"Enyi wapagazi!" akasema. "Mmekuja kwetu pwani miaka na miaka, nyayo zimepasuka kama magome, mkifika mnaomba maji. Tukawapa. Leo mpagazi anataka kupita juu ya kichwa changu kwa ndege, anichungulie nikiwa naoga, asilipe chochote?"

"Alipeee!" watu wakaitikia.

"Mkubwa wa msafara nani?"

Vidole vyote vikamwelekea mwenye kiti chenye mto.

"Ahaa! Mheshimiwa! Sitaki kuku, sitaki pesa. Nataka ubebe begi la msafiri kichwani, kama babu yako, kutoka hapa mpaka stesheni. Tai usivue. Na uimbe."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Tangu Amne aondoke sikuwa nimecheka hivyo. Na hata mara ile ya kabla, aliyenichekesha alikuwa huyuhuyu Shomari. Siku ya mazishi alilala juu ya jeneza tupu kabla hatujamtia marehemu, akasema haamki mpaka Wanyamwezi wakubali kwamba Amne alimpenda yeye kwanza. Nikacheka nikilia. Adinani siku ile alikuwa anasoma risala, anajitambulisha kwa vyeo.

Leo pia hakucheka.

"Shomari, rudisha nyaraka ya serikali."

"Beba mzigo, mheshimiwa."

"Nakuambia mara ya mwisho."

"Na mimi nakuambia mara ya kwanza. Begi lile pale, halina hata uzito. Mtani wangu hana nguo."

Nikamwendea. Nikamshika bega kwa adabu zote.

"Shemeji, ni utani. Liweke kichwani ufike pale barabarani tu, atatosheka. Treni haitungoji."

"Mimi nibebe mzigo? Mbele za watu wenye picha yangu vifuani?"

Akatoa simu. Nikadhani anawaita vijana wa bodaboda wanipeleke stesheni. Alikuwa anaita polisi.

Anamwitia mtani polisi! Sijawahi kusikia. Hata yule anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili hajafikia hapo. Vigelegele vikakatika. Mama mmoja akashusha sahani ya pilau chini, akajifunika ushungi kama amefiwa.

Askari wakaja, wakatuchukua wote watatu, na begi langu, mpaka kituo kidogo cha karibu na stesheni. Shomari njia nzima anatania tu.

"Afande, mimi ni mtoza hongo wa kihistoria. Mnaniwekea pingu za mkono mmoja au miwili?"

Afande wa kaunta alikuwa kijana, mgeni wa mji, chai yake iko mbele yake inapoa. Hakucheka. Akaichukua pasipoti yangu, akaifungia kwenye droo.

"Hiki ni kidhibiti," akasema. "Kidhibiti hakitoki mpaka shauri liishe."

"Shauri gani, baba?" nikamuuliza. "Mimi nasafiri leo."

"Wizi wa nyaraka ya serikali. Huyu bwana mwenye tai ndiye kaleta taarifa."

Nikamgeukia mwenye tai. "Umefurahi? Treni imeshapita Usoke saa hizi, inakaribia kuingia hapa. Hizo ndege zako zinasogezwa?"

Akajikohoza. Nimeshamzoea. Akijikohoza, kuna kitu kimekufa.

"Tiketi za nafuu," akasema, "huwa hazisogezwi."

"Nikizikosa?"

"Zimepotea."

"Na ile ya kampuni, ingesogezwa?"

Akaangalia dari. Darini kulikuwa na popo tu, na sidhani kama naye ni mjumbe wa kamati.

Hapo nikaona yote kwa pamoja. Mtoto wangu amesimama kwenye ngazi ya meli, na aproni yake ya kuokea, anaangalia kila mzee mweusi anayepita. Hayupo. Anaangalia tena. Hayupo. Meli inapiga honi. Mama yake hakumzika, na baba yake hatamwona, kwa sababu mwanaume mzima wa Tabora kaona aibu kuweka begi kichwani.

Nikaegemea kaunta.

"Afande, mwanangu. Nisaidie."

Yule kijana akaitazama kanzu yangu, akaitazama chai yake.

"Mzee, pasipoti ni yako. Nitakuuliza wewe, siyo wao. Huyu kaiba au hakuiba? Ukisema kaiba, analala hapa, na pasipoti inalala hapa. Ukisema hakuiba, chukua uende zako. Ila huyu mwenye tai atabaki. Kanitoa kwenye chai kwa taarifa ya uongo, na mimi sipendi."

Adinani akaniwahi sikioni.

"Twalibu. Mimi ni ndugu yake Amne. Tumbo moja."

Akalitoa jina la mke wangu kama mtu anavyotoa kitambulisho getini. Katika ugonjwa wote wa Amne alikuja mara moja, akakaa mlangoni, akauliza kama kamati ya msiba imeshaundwa. Mgonjwa anasikia! Sasa leo kawa tumbo moja.

Shomari, mara ya kwanza siku hiyo, hakusema utani wowote. Alikuwa anatazama chini.

"Hakuiba," nikasema. "Ni mtani wangu."

"Mtani ndiye nani?" afande akauliza.

"Subiri ufiwe, baba, utamjua."

Droo ikafunguliwa. Pasipoti ikarudi mkononi mwangu, bado inanuka udi. Na Mwenyekiti akaanza kuvuliwa. Mkanda. Viatu. Saa. Simu. Ile tai ilikataa kufunguka, wakaivutia kichwani kama kamba ya mbuzi. Vyote vikaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mfuko ukafungiwa kwenye ileile droo.

"Nitakumbuka, Twalibu!" akapiga kelele akipelekwa nyuma. "Nitaitisha kikao!"

"Kiitishe humo," Shomari akamjibu. "Wajumbe wapo."

Tukakimbia. Na nani kabeba begi langu? Shomari. Kichwani, mikono kaiachia, anaimba wimbo wa wapagazi kwa Kinyamwezi kibovu, kila neno kalivunja mguu. Watu wa stesheni wakatupisha wakicheka. Treni ilikuwa imeshapiga honi ya pili. Nikadandia behewa langu, nikafungua dirisha, akanipitishia begi.

"Leo Mzaramo kambebea Mnyamwezi!" akasema, anahema. "Usinilize, mtani. Kamsalimie mtoto."

"Nitamwambia ulinipora."

"Mwambie na mama yake alinipenda kwanza."

Treni ikajivuta. Akawa anatembea sambamba na dirisha langu, mkono umeshika ubao wa dirisha.

"Pasipoti unayo?"

"Ninayo."

"Tiketi unayo?"

"Hii hapa."

"Hiyo ni ya treni, mpagazi wee! Ya ndege?"

"Zipo kwenye simu ya..."

Sikumaliza. Naye hakutaka nimalizie. Mkono wake ukaachia dirisha peke yake, akasimama pale pale kwenye jukwaa, mdomo wazi, akawa anazidi kuwa mdogo.

Tiketi tatu zisizojuana. Zote zimelala kwenye simu ya Adinani, simu imelala kwenye mfuko wa plastiki, mfuko umelala kwenye droo ya polisi. Aliyezikata ni kijana fulani wa Kariakoo, ambaye jina lake analijua Adinani peke yake. Na Adinani nimemfungisha kwa mdomo wangu mwenyewe, muda ule ule nikijiona shujaa.

Nikakaa. Mama mmoja jirani yangu akanikaribisha karanga. Sikuona hata rangi yake.

Simu ikalia.

"Baba! Umepanda?"

"Nimepanda."

"Kweli? Nasikia mlio. Ni treni hiyo?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Pasipoti?"

"Ninayo hapa, nimeishika."

"Na tiketi za mjomba? Unazo wewe mwenyewe, Baba? Siyo yeye. Wewe."

Wasomaji wangu, wiki zote hizi nimewatukana wakubwa kwenye ukurasa huu. Nimewacheka jinsi wanavyotujibu tukiwauliza maji, tukiwauliza dawa, tukiwauliza pembejeo. Wana jibu moja tu, limechakaa kama zulia la ofisini. Nikafungua mdomo, na jibu lililotoka lilikuwa lao.

"Hakuna tatizo, mwanangu. Kila kitu kipo."

Nikasikia ametoa pumzi ndefu. Halafu akacheka, cheko lile lile la mama yake, la kuanzia puani.

"Alhamdulillahi. Basi nisamehe, Baba, sikumwamini mjomba. Nilienda ofisini kwetu nikakukatia nyingine. Ya kampuni. Kwa mshahara wangu. Sikukwambia, nilijua ungekataa. Nikawaomba waishikilie hivyohivyo mpaka uniambie mwenyewe kwamba kila kitu kipo. Wangekupokea hapo Dar, ungekuja nayo."

"Tunu..."

"Dada wa ofisini huyu hapa mbele yangu, ananisubiri mimi tu afunge. Ngoja nimwambie."

"Tunu, ngoja kidogo, mama. Tunu!"

Abiria wote wakageuka kunitazama. Yeye alikuwa ameshaiondoa simu mdomoni. Nikamsikia kwa mbali anazungumza Kiingereza chake cha melini, harakaharaka, anacheka, na yule dada naye anacheka. Mimi Kiingereza sikijui. Nililishika neno moja tu, kwa sababu hata makarani wetu wa hapa Tabora wanalipenda wakifuta jina la mtu kwenye orodha.

"Kansel," mwanangu alisema, kwa furaha.